Miaka Yangu Mbele ya Nyuso za Watu

Sanaa ya kupiga picha niliianza ujanani katika duka moja la Mombasa, ambako maharusi wa Mji wa Kale na wasafiri waliotaka pasipoti ndio waliokuwa riziki yetu. Lakini sehemu kubwa ya umri wangu niliitumia Uingereza, katika chumba kisicho na dirisha cha hospitali, nikipiga picha za watu kabla ya kupasuliwa uso na baada ya kupasuliwa. Kazi hiyo haina fahari, kwa kuwa picha zake hazitundikwi ukutani, wala mwenye uso hapendi zionekane. Hata hivyo ilinipa elimu ambayo jamaa na marafiki wameniuliza kwa siri tangu nilipostaafu, nayo ni jinsi ya kuutambua uso uliovutwa vizuri na jinsi ya kumchagua tabibu wa kuuvuta. Nimeona heri niiandike wazi, ili anayeona haya kuuliza apate kusoma.

Nilipofika huko katika miaka ya 1960, wakubwa wa kazi walikuwa bado wakisimulia habari za Harold Gillies na Archibald McIndoe, jamaa wawili wa ukoo mmoja kutoka New Zealand. Wa kwanza aliwatengeneza, huko Sidcup, askari walioharibiwa nyuso katika Vita Kuu ya Kwanza. Wa pili, huko East Grinstead, aliwashughulikia marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Mtu wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuidhani sanaa hii ya kutengeneza nyuso kuwa ya ugenini tu, maana McIndoe huyo, pamoja na Michael Wood na Tom Rees wa New York, wapasuaji wa fani hiyo hiyo wote watatu, ndio walioasisi mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo twaijua kwa jina la Amref. Na Rees, kwao Marekani, alikuwa na sifa kubwa ya kuvuta nyuso za wenye nafasi. Mkono uliojua kuurudisha uso ulioharibika ndio ulioaminiwa kuugusa uso uliozeeka, na tangu hapo sikupata kumwamini mtu ajuaye la pili asijue la kwanza.

Kanuni za picha ya hospitali ni kali. Mgonjwa huvua vipuli na mkufu, hunawa poda na wanja, hufunga nywele nyuma mpaka masikio yote mawili yawe wazi, kisha hukaa mbele ya pazia la buluu. Mpiga picha huhakikisha kuwa ukingo wa juu wa tundu la sikio na ukingo wa chini wa tundu la jicho vimelingana katika mstari ulionyooka, halafu hupiga picha tano: moja ya mbele, mbili za mshazari na mbili za ubavu, na mgonjwa arudipo baada ya miezi, lenzi huwa ile ile, umbali ule ule na taa zile zile. Kidevu kikiinuliwa kidogo tu, shingo hukazika. Taa ikiondolewa darini ikawekwa mbele ya uso, vivuli hujaa mwanga na makunyanzi hutoweka. Mgonjwa akitabasamu, mashavu yaliyoshuka hupanda. Kwa hila hizo tatu mtu aweza kupunguziwa miaka bila ya kisu kugusa ngozi yake, na wako wapigao picha za matangazo ambao hiyo ndiyo kazi yao.

Binti mmoja wa ukoo wetu, mkazi wa Maskati, alipata kuniletea kitabu cha picha alichopewa na kliniki ya huko. Baada ya kuniamkia akakifungua mezani, akasema, “Ami, hawa si wamependeza?” Nikamjibu, “Wamependeza, binti yangu, lakini masikio yao yako wapi?” Tukafungua ukurasa baada ya ukurasa. Katika picha za kwanza wanawake walikuwa wamenuna, videvu chini, chini ya taa ya darini. Katika picha za pili walikuwa wamepakwa rangi, videvu juu, na nywele zimeteremshwa zikaficha masikio. Hapakuwa na picha hata moja ya ubavu. Alikifunga kitabu mwenyewe, wala sikuwa na haja ya kuongeza neno.

Sikio ndilo shahidi asiyehongeka. Mpasuo wa kuvuta uso kwa kawaida huanza panjani, hushuka mbele ya sikio, huzunguka ndewe, hupanda nyuma yake na kuishia katika nywele za kisogo. Tabibu stadi huupitisha katika mikunjo ya maumbile, hata kovu, likishapoa, hutafutwa kwa shida. Ndewe hubaki ikining’inia huru, na kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio hubaki na umbo lake. Asiye stadi huacha ndewe imevutwa chini na kugandamana na shavu, kinundu kimelazwa hata tundu likawa wazi, sharafa zimepandishwa juu ya sikio zikaacha upara mahali pake, na mstari wa nywele za kisogo umevunjika kama ngazi. Kwa mwanamume hutokea hata ndevu zikahamia sikioni, ikampasa kunyoa mahali ambapo baba yake hakupata kunyoa.

Asili ya aibu hizo ni kuibebesha ngozi mzigo usio wake. Zamani wapasuaji wengi walivuta ngozi peke yake, nayo, ikiwa na tabia ya kunyumbuka, baada ya muda ililegea tena, au ikakazwa mno mpaka mtu akafanana na aliyesimama mbele ya upepo wa kusi. Kisha Tord Skoog wa Sweden, katika mwaka 1974, alieleza njia ya kuinua ngozi pamoja na tabaka iliyo chini yake. Mwaka 1976 Mitz na Peyronie wa Paris wakaisharihi tabaka hiyo ya nyuzi na misuli. Na mwaka 1990 Sam Hamra wa Marekani akatangaza njia ya kuingia ndani zaidi. Tabaka hiyo ni bitana ya joho: ikikaa vyema, kitambaa cha juu hulala chenyewe bila ya kuvutwa. Lakini kadiri kisu kiendavyo ndani ndivyo kikaribiavyo neva zinazoendesha uso, kwa hiyo jina la njia lisikushangaze; uliza mkono wa anayeitumia.

Tena uso hauhukumiwi ukiwa kimya, wala hauhukumiwi mapema. Kwa majuma mawili ya kwanza uvimbe na damu iliyovilia huficha mema na mabaya, na kovu hutaka kama mwaka mzima kupevuka. Mtazame mtu akizungumza na akicheka: midomo ishuke sawasawa, na pale penye kidevu na shingo pasiwe na shimo la mafuta yaliyokwanguliwa kupita kiasi.

Ama katika kumchagua tabibu, la kwanza ni daftari la serikali. Katika nchi nyingi daktari yeyote aweza kujiita mpasuaji wa urembo, lakini si kila daktari aliyeandikwa kuwa bingwa wa fani hii. Uingereza daftari la mabingwa huwekwa na Baraza Kuu la Madaktari, na Kenya na Tanzania pia zina mabaraza yao. La pili, mtaalamu wa nusukaputi awepo, na hospitali yenye vitanda iwe karibu, kwa sababu damu kujikusanya chini ya ngozi ndiyo ajali iliyozoeleka zaidi, na hutaka kurudishwa chumba cha upasuaji bila ya ajizi. La tatu, sikiliza maswali ya tabibu mwenyewe. Asiyekuuliza kama unavuta sigara, kama una shinikizo la damu, kama unameza aspirini, na, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kama makovu yako huwa na tabia ya kutuna, huyo anauza bidhaa, hatibu mtu. Na tabibu bora niliyefanya kazi chini yake nilimjua kwa idadi ya wale aliowarudisha nyumbani akiwaambia kwamba hawahitaji kisu.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ikiwa nia yako imethibiti, omba uonyeshwe picha za ubavu za mtu mwenye umri na ngozi kama yako, zilizopigwa baada ya mwaka, masikio yakiwa wazi; uliza ni nyuso ngapi zilizoharibika na zilitengenezwaje; kisha nenda nyumbani ukafikiri. Ukinyimwa majibu, au ukiharakishwa kutoa malipo siku hiyo hiyo, chukua mkoba wako uondoke.