Twende Pemba, tukate maua ya karatasi



Leo twende Pemba. Pemba ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika Zanzibar. Kiko upande wa mashariki ya Tanga, ng'ambo ya mkondo wenye kina kirefu. Waarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani. Ukifika utaona sababu. Vilima ni vingi, na kila kilima kimejaa miti.

Watu wengi wanaijua Pemba kwa karafuu. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Tangu wakati huo Pemba ikawa inatoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Lakini mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja majamvi yanajaa. Mwaka mwingine mavuno ni haba. Na mwaka wa mavuno haba, mtoto bado anataka daftari na sare. Ndiyo maana kila nyumba inahitaji kazi nyingine ya mkono.

Mimi ni bwana shamba. Nataka tuitazame kazi moja inayoweza kuanza kwa fedha kidogo. Ni kutengeneza karatasi kwa mikono, kisha kuikata maua kwa chuma, ili kupata kadi, bahasha na mifuko. Vitu vyake tutaviokota njiani.

TUNAOKOTA NJIANI

Tushuke gatini Mkoani. Tupande gari kwenda Chake Chake, kama kilomita 30. Pande zote za barabara utaona migomba. Mgomba ukishazaa hukatwa, na shina lake huachwa chini. Shina zima linalooza ni nyumba ya fukusi wa migomba. Hutaga mayai humo, kisha watoto wake wakala migomba mingine. Kwa hiyo pasua shina vipande. Chukua maganda machache kwa karatasi. Mengine yatandaze shambani yakauke, kisha yarudishe rutuba. Shamba nalo linataka chakula.

Karibu na Chake Chake, huko Wawi, kuna kiwanda cha mafuta ya makonyo. Makonyo ni vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa. Usifikiri ni taka, maana yana bei. Tena ni magumu, yataharibu makali ya chuma chako. Yaache yaende kiwandani.

Mjini pita kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Omba kipande kifupi cha bomba la chuma. Pita kwa fundi wa magari, omba kipande cha tairi kuukuu. Pita shuleni, omba madaftari yaliyokwisha kuandikwa.

Sasa twende kaskazini mpaka Wete, halafu Konde, karibu na msitu wa Ngezi. Utakuta akina mama wanasuka ukili wa mikeka. Piga hodi. Sema, "Shikamoo, bi mkubwa." Kisha muulize kwa nini anarowesha ukindu kabla ya kusuka. Atakwambia kwamba ukindu mkavu huvunjika. Neno hilo lishike. Ni nusu ya somo letu.

Tazama pia kofia za mkono. Mshonaji hutoboa kitundu kidogo, kisha hukizungushia uzi. Vitundu vingi vikipangwa vizuri vinakuwa ua. Sisi pia tutapanga vitundu. Lakini karatasi haina uzi wa kushika ukingo. Kwa hiyo kitundu chake lazima kikatwe safi kwa pigo moja.

WENGINE WALIFANYAJE

Wachina wanasimulia kwamba mwaka 105 ofisa mmoja, Cai Lun, alitengeneza karatasi kwa magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia. Huko Meksiko mafundi hupanga karatasi nyembamba nyingi pamoja, kisha huzikata kwa patasi na nyundo. Pigo moja linatoa maua mengi. Na karibu nasi, Kisumu nchini Kenya, watu wametengeneza karatasi na kadi kwa magugumaji ya Ziwa Viktoria. Kila watu walianza na kilichokuwa karibu nao.

KARATASI YA MGOMBA

Fanya hivi:

1. Kata maganda ya mgomba vipande vifupi kama pingili ya kidole.

2. Loweka jivu la kuni katika maji usiku kucha. Chuja maji yake.

3. Chemsha maganda ndani ya maji hayo kwa saa kadhaa, mpaka nyuzi ziachane. Usitumie sufuria ya alumini, kwani maji ya jivu huila. Tumia chungu au debe la chuma, na usikipikie tena chakula. Maji hayo huunguza ngozi na macho. Watoto wakae mbali.

4. Osha nyuzi kwa maji mengi mpaka utelezi uishe. Zitwange kwenye kinu kisichotwangiwa chakula.

5. Changanya na karatasi za madaftari zilizoloweshwa na kutwangwa. Tia katika beseni la maji.

6. Teka kwa fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa dirisha. Maji yatachuruzika, utando utabaki. Ugeuzie juu ya kitambaa, ukandamize kwa ubao na jiwe, kisha uanike.

Usianze kazi hii wakati wa masika. Karatasi itapata ukungu kabla haijakauka.

CHUMA CHA KUKATIA

Chukua kile kipande cha bomba. Noa mdomo wake kwa tupa, upande wa nje, mpaka uwe mkali pande zote. Hicho kinakata duara. Kwa umbo la jani, fundi akukunjie utepe wa chuma unaofungia mizigo, kisha aunoe. Weka kipande cha tairi juu ya gogo. Weka karatasi juu ya tairi. Piga chuma kwa nyundo ya mbao. Nyundo ya chuma huharibu kichwa cha chombo. Karatasi ikinasa ndani, paka makali nta ya mshumaa. Chuma chenye kutu kisikuguse penye kidonda, maana kuna hatari ya pepopunda.

Je, vikatio vya bati vya biskuti vinafaa? Kwa karatasi kavu, havifai. Bati ni laini, litajikunja. Lakini viweke juu ya kitambaa, ujaze ndani yake rojo la karatasi, uache lichuruzike. Utapata nyota au mwezi bila kukata.

KILA KITU KINA TABIA YAKE

Sasa rudi kwenye neno la msukaji. Tazama nyuzi kabla hujapiga. Ganda kavu la mgomba hupasuka kufuata nyuzi zake. Lipe unyevu kidogo, lilaze chini ya jiwe, likate likiwa bado linakunjika. Sehemu ndefu ya umbo lako ielekee nyuzi zinakoelekea. Mkono mwembamba ukikatiza nyuzi, utakatika.

Ukindu nao ni mwembamba. Ubandike kwanza juu ya karatasi kwa uji wa wanga wa muhogo. Ukishikana, ndipo ukate. Karatasi itaushika usichanike. Karatasi ya mkono ndiyo rahisi kuliko vyote, kwa sababu nyuzi zake zimelala kila upande.

Na mkindu usiumalize. Ukikata makuti yote machanga, hutapata ya mwakani.

NANI ATANUNUA?

Anza na watu wa nyumbani. Harusi zinataka kadi za mwaliko. Wauza viungo wanataka mifuko. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2019, na Zanzibar ilitangulia. Mfuko wa karatasi ya mkono unafaa kwa karafuu na mdalasini. Kwa samaki haufai, utalowa.

Kabla ya kutaja bei, hesabu saa zako. Hesabu kuni, wanga na nauli ya kwenda sokoni. Kadi isiyolipa hata kuni ni hasara, hata ikisifiwa na wageni wote. Mkiwa kikundi, gawaneni kazi. Mmoja atwange, mmoja ateke, mmoja akate. Chuma kimoja kinatosha watu wengi.

Wewe msomaji huenda huko Pemba. Huenda uko Bukoba kwenye migomba, au Tanga kwenye mkonge. Nyuzi unazo. Tafuta bomba moja, ulinoe, ukate duara moja safi. Ukilipata, jaribu la pili kando yake. Ua huanza hapo.