Kaseti ya mzee na simu yetu

Jumapili moja tulirekodi kwaya yetu kwa simu, hapa Lobule, Koboko. Tuliiweka kwenye benchi karibu kabisa na ngoma. Jioni tuliposikiliza, aibu tupu: ngoma ikilia, sauti za akina mama zinazama, zinarudi, zinazama tena. Adungu haisikiki.

Mzee mmoja wa kwaya akacheka. Akatoa kaseti aliyovuka nayo mpaka, ameifunga ndani ya nailoni. Ni kwaya ya kanisa lao kule Aru, kabla ya kukimbia. Tukaiweka kwenye redio. Shhhh nyingi kama mvua ya mbali, lakini ndani yake kuna miguu inakanyaga sakafu, mtoto anakohoa, na marehemu mke wake anaongoza sauti ya kwanza.

Wenzetu wakasema basi, dijitali ni takataka. Hapo hatukubali. Kaseti, ambayo Philips waliitoa 1963, inaandika sauti kwa sumaku kwenye mkanda. Sauti ikizidi, mkanda unalemewa polepole, ngoma inakuwa nene tu. Dijitali inapima sauti mara nyingi kila sekunde (kwenye CD ni mara 44,100) na ina dari. Ukipita dari, sauti inakatwa kichwa, inapasuka. Simu inakwepa dari hiyo kwa kujipunguza yenyewe kila ngoma ikilia, na akina mama wanapunguzwa pamoja nayo. Kumbe kosa ni letu, tulikaa vibaya. Jumapili iliyofuata tukaisogeza mbali na ngoma, upande wa adungu. Ikatoka safi.

Na kaseti nayo inachakaa kila ukiipiga, na hii iko moja tu. Tukaipeleka Arua, kwenye duka wanapohamishia nyimbo kwenye memori kadi. Kijana wa pale akaisafisha bila kutuuliza. Shhhh imeisha, miguu nayo imeisha, na mama anaimba kama yuko ndani ya mtungi. Mzee akasikiliza, akasema, "Huyu si yeye."

Tukarudi tena Arua, nauli juu ya nauli. Tukamwambia, kaka, usiguse kitu, iache na shhhh yake.

Sasa iko kwenye simu sita. Mzee hana simu kubwa, kwa hiyo anakuja kwetu jioni, anakaa, anasikiliza. Ikifika pale mtoto anapokohoa anatuambia turudishe nyuma kidogo.