Mbetula Ulinipatanisha na Baridi

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wenzangu tunaoishi kaskazini ya mbali, hasa wale wanaoingia Desemba kwa hofu. Hapa Helsinki mwezi huo jua huchomoza baada ya saa 3 asubuhi, na saa 9 na ushei alasiri limeshazama. Mtu wa Tanga, aliyezoea usiku na mchana kulingana, hali hiyo humlemea. Mimi ilinilemea kweli. Nilikuwa natoka zamu, nafunga mapazia, nalala, naamka, narudi kazini. Simu za mama nilizipokea kwa sauti ya kujilazimisha. Miezi ya baridi sikuihesabu kuwa maisha.

Kilichonibadilisha ni mti mdogo ndani ya chungu. Mzee mmoja jirani, fundi wa bonsai, yaani miti inayokuzwa ikiwa midogo chunguni, alinigawia mche wa mbetula, mti wa gome jeupe ambao Wafini waliuchagua mwaka 1988 kuwa mti wa taifa lao. Nilitaka kuuweka sebuleni karibu na hita, nipate kijani cha kutazama. Mzee akakataa katakata. Mbetula usiopata baridi haupumziki, akaniambia, na usiopumzika hufa.

Ikabidi nijifunze kalenda yake. Kabla majani hayajatoka, mizizi husukuma maji juu kwa nguvu, na tawi likikatwa wakati huo jeraha huchuruzika siku nyingi. Msituni Wafini huyakinga maji hayo wakayanywa, lakini kwa mti wa chunguni ni hasara, kwa hiyo kupogoa hungoja majani yakomae. Kiangazi mti huu una kiu sana: hupandwa kwenye chenga za mawe mepesi ya volkano zisizotuamisha maji, na siku za jua kali humwagiliwa asubuhi na jioni. Nguvu zake hukimbilia kileleni. Tawi la chini likifunikwa na kivuli, mti huliacha likauke bila dalili yoyote, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Dawa yake ni kukipogoa kilele bila huruma na kuyaacha matawi ya chini yarefuke.

Lakini moyo wangu uko kwenye baridi. Majani yakishapukutika, nafukia chungu uani hadi shingoni, kwa sababu mizizi ya chunguni huumia kwa baridi kabla ya matawi. Theluji ikianguka nausukumia mti, iwe blanketi lake. Kisha natoka kuutazama. Bila majani, mti unaonekana ulivyo: kila kona ya tawi, kila kitawi chembamba chenye wekundu wa zambarau, na kwenye ncha zake vichipukizi vidogo vilivyochongoka. Vichipukizi hivyo havingoji masika. Mti huvitengeneza kiangazi kilichotangulia, ukavifunga kwa magamba magumu yanayonata kidogo. Januari moja nilivigusa kimoja kimoja hadi vidole vikafa ganzi. Kumbe majani ya kwanza ya masika yajayo yalikuwa tayari, mbele ya macho yangu, katikati ya giza lile nililokuwa nikilikimbia!

Tangu hapo mapazia yangu yako wazi. Mama aliitambua sauti kabla sijamweleza lolote. “Mwanangu, sasa ndiyo wewe,” alisema. Gome la mti nalo, lililokuwa la kahawia kama ilivyo kwa mibetula michanga, limeanza kubambuka na kuonyesha weupe.

Ndugu yangu uliye Oslo, Stockholm au hapa Helsinki, tafuta mche wako. Ukiuona porini, omba kwanza ruhusa ya mwenye ardhi; huku Finland haki ya kutembea msituni haikupi haki ya kung’oa mti. Uchimbe vichipukizi vinapoanza kuvimba, uje na mizizi yake midogo kwa wingi. Baridi ikirudi, uache nje, nawe utoke kuutazama.