Kadi Iliyonyamaza

Marehemu babu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha kanda sita. Alizinasa hapa Ujiji mwaka 1983, akisimulia nasaba yetu na safari zake za ziwani. Mwaka 2010 niliona zinachakaa, nikaazimia kuzihamishia katika kompyuta kabla sauti ile haijapotea.

Nilikuwa na kadi nzuri ya sauti, niliyoinunua kwa tabu Dar es Salaam. Katika kompyuta yangu ya zamani, yenye Windows XP, ilitumika bila matata. Kompyuta ile ilipokufa nikapata nyingine, yenye Windows 7, nikaihamishia kadi humo. Kimya! Fundi wa Mwanga akaitazama, akasema, "Mwalimu, haina draiva." Nikadhani anataka mtu wa kuiendesha. Kumbe ni programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kusema na kifaa. Na ile iliyoandikwa kwa Windows moja mara nyingi haielewani na inayofuata. Waliounda kadi hawakuandika nyingine. Kadi nzima, haina hata ufa, lakini kwao ilikwisha kuzikwa. Nikawaandikia. Jibu: nunua mpya.

Hapo nikaikumbuka meli ya Liemba, ambayo babu anaitaja katika kanda ya pili. Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Labda Wajerumani walitumaini kurudi wenyewe. Lakini hata hivyo, watu wa vita, mbioni, waliifikiria kesho ya mashine! Na huyu aliyekwisha kupokea fedha yangu kwa amani hakuniachia hata hiyo grisi.

Msaada ulitoka kwa watu nisiowajua. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela, mtu wa Ucheki, alianzisha mradi wa kuandika draiva za kadi za sauti kwa ajili ya Linux. Wengine wakamuunga mkono, na kazi yao ikaachwa wazi kwa kila mtu. Mpwa wangu akaiweka Linux, na kadi ikaamka jioni ile ile. Tukamsikia babu akikohoa kabla ya kuanza bismillahi.

Kanda nne zimehifadhika. Mbili zilishikwa na ukungu katika miezi minane ya kungoja, utepe ukawa unakatika kila tukiujaribu. Mojawapo ndiyo iliyokuwa na majina ya bibi zetu.