Flaiwili Nyepesi na Mlima Sekenke

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Singida kwa nia ya kupumzika, nikajikuta nimezimaliza siku tatu gerejini. Klachi ya pikapu aliyotuachia marehemu baba ilianza kuteleza tukiwa katikati ya mlima Sekenke, tukitokea Shelui na magunia 12 ya alizeti. Wanaoijua barabara ya kutoka Igunga kuja Singida wanaufahamu mlima huo: ukishaliacha bonde la Wembere barabara inainuka, na malori yenye shehena yanapunguza mwendo hadi kufanana na mtu atembeaye kwa miguu. Injini yetu ilinguruma kwa nguvu zake zote lakini gari halikusogea. Ilitubidi kushusha nusu ya mzigo kando ya barabara, kuupandisha kwa awamu mbili, na kufika mjini usiku wa manane.

Kesho yake fundi alishusha giaboksi, akatuonyesha flaiwili. Kwa ndugu msomaji asiye na mazoea ya gereji, flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililofungwa mwishoni mwa krenkishafti, pale injini inapokutana na klachi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kwa joto na kujaa nyufa ndogondogo. Ilikwisha kukerezwa mara mbili miaka ya nyuma, na fundi alisema haikubaki nyama ya kukereza tena. Kijana mmoja pale gerejini alishauri ikerezwe hivyo hivyo mpaka iwe nyembamba, tupate wepesi bila gharama. Fundi alimkemea. Chuma cha kumimina kikipunguzwa kupita kiasi kinaweza kupasuka kikiwa katika kasi kubwa, na vipande vyake havichagui pa kutokea.

Ilibidi kununua nyingine, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Fundi alitaka flaiwili ya uzito uleule gari lilikotoka nao kiwandani. Mpwa wangu, anayesomea ufundi wa magari na ambaye hapitwi na habari za mashindano ya magari, alikuwa amekwisha kupata muuzaji Dar es Salaam mwenye flaiwili nyepesi ya alumini yenye uso wa chuma. Bei hazikutofautiana sana. Ile ya zamani tuliiweka kwenye mizani ya magunia, ikasoma kilo 11. Nyepesi, kwa maelezo ya muuzaji, ilikuwa na kilo 5.

"Mjomba," aliniambia, "kilo sita zote hizo injini inazizungusha bure kila siku. Tuitue mzigo."

Maneno hayo yalinigusa kuliko alivyodhani. Kwa mwaka mzima nimekuwa mjumbe wa kamati ya kupitia upya taratibu za chuo ninachofundisha, na ndani ya kamati hiyo mimi ndiye mtetezi mkuu wa wepesi. Niliandika kwa mkono wangu pendekezo kwamba mitihani yetu isipitiwe tena na mtahini wa nje, kwa kuwa inachelewesha matokeo kwa wiki kadhaa. Mpwa wangu alikuwa ananisomea hoja yangu mwenyewe.

Apewe kwanza haki yake. Injini yenye flaiwili nyepesi hupandisha mizunguko upesi dereva akanyagapo mafuta, na huishusha upesi anapoachia. Dereva wa mashindano, anayebadilisha gia kila baada ya sekunde chache, ana sababu nzuri ya kuitaka. Lakini nguvu ya injini yenyewe haiongezeki. Kinachobadilika ni kiasi cha nguvu kinachowekwa akiba ndani ya chuma kinachozunguka.

Akiba hiyo ina kazi. Katika injini ya mipigo minne, kila pistoni hupata msukumo katika mpigo mmoja tu kati ya minne. Mipigo mitatu iliyobaki, yaani kuvuta hewa, kuigandamiza na kutoa moshi, hula nguvu badala ya kuizalisha. Hata silinda zikiwa nne na kupokezana, msukumo huja kwa vipindi. Flaiwili hupokea sehemu ya kila msukumo na kuirudisha pale msukumo unapokosekana. Kadiri uzito unavyokaa ukingoni, mbali na katikati, ndivyo akiba inavyokuwa kubwa. Gari lenye mzigo likisimama mlimani na dereva akaanza kuachia klachi, akiba hiyo ndiyo huliondoa gari kabla injini haijajikusanya. Ikiwa ndogo, gari huzima, au dereva hulazimika kukanyaga mafuta mengi na kuitelezesha klachi mpaka inaungua. Na hapo uzito una faida ya pili: chuma kingi hupokea joto jingi kabla ya kuiva.

Fundi wetu, mzee aliyeanza kazi hiyo kabla mimi sijaingia darasa la kwanza, hakueleza kwa maneno hayo. Aliuliza swali moja: "Dokta, gari hili linabeba nini, na linapita wapi?"

Sikumjibu mara moja. Nilikumbuka mashine ya kusaga ya kijijini kwetu Iramba, ile ya dizeli yenye silinda moja na magurudumu mawili makubwa ubavuni. Tulipokuwa watoto tulitumwa na debe la mtama, tukasimama kando kutazama watu wawili wakiizungusha kwa mkono ipate kuwaka. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa mateso. Wa pili ulikuwa na unafuu. Kufikia wa tano magurudumu yalikuwa yanawavuta wao. Kisha valvu ikafungwa, mgandamizo ukaja, na mashine ikavuka kizingiti hicho kwa uzito wake wenyewe, ikawaka. Mashine hiyo isingewaka bila magurudumu yale, hata ingewekwa mafuta ya namna gani.

Nilimkumbuka pia baba. Katika ujana wake alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilifutwa nchini, na kazi ya kununua mazao ya wakulima ikahamishiwa kwenye mamlaka za mazao, zikinunua moja kwa moja kutoka vijijini. Miaka minne kabla, mwaka 1972, halmashauri za wilaya nazo zilikuwa zimefutwa katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Waliofanya maamuzi hayo hawakuwa wapumbavu. Kamati Maalumu ya Rais ya mwaka 1966 ilikuwa imebaini wizi na uongozi mbovu katika vyama vingi, na halmashauri nyingi zilishindwa kutoa huduma kwa kukosa fedha na wataalamu. Nchi changa ilitaka kwenda mbio. Ngazi zilizoonekana kuchelewesha zikaondolewa.

Katika sanduku la baba tulikuta daftari la wanachama: majina, uzito wa mazao ya kila msimu, fedha zilizolipwa, na alama za dole gumba. Mwandiko wake unakoma ghafla katikati ya ukurasa. Nilipokuwa kijana niliwahi kumuuliza ni nini hasa kilichopotea, maana mazao yaliendelea kununuliwa. Alinijibu kwamba kilichopotea ni watu kujua nani anadaiwa nini na nani aulizwe. Mazao yalipochelewa kuchukuliwa, au malipo yalipokawia, hapakuwa na mkutano wa wanachama wa kumwita mtu ajieleze. Msukumo wa kutoka juu ulipokuwapo, mambo yalikwenda. Ulipokosekana, yalisimama.

Serikali za mitaa zilirudi, kwanza mijini mwaka 1978, kisha wilayani mwaka 1984 baada ya sheria za mwaka 1982. Sheria ya vyama vya ushirika nayo ilitungwa upya mwaka 1982. Na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alisema katika mahojiano kwamba angeanza upya, kuzifuta serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya. Nimewafundisha wanafunzi wangu habari hiyo kwa miaka mingi. Hata hivyo nilipoingia kwenye kamati ya chuo nilisahau kujifundisha mwenyewe.

Naomba nisieleweke vibaya. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua kwamba si kila uzito ni flaiwili. Gari linaweza kuwa zito kwa sababu breki zimeshika, au kwa sababu kuna vyuma chakavu nyuma ambavyo hakuna anayekumbuka viliwekwa lini. Uzito huo hula nguvu usiku na mchana na haurudishi chochote. Fomu ya ruhusa inayopita katika meza sita, na kila mwenye meza anasaini kwa sababu mwenzake amesaini, ni breki iliyoshika. Mwananchi anayesafiri kutoka kijijini hadi makao makuu ya wilaya mara tatu kwa muhuri mmoja hana faida yoyote anayorudishiwa. Wanaoutetea uzito wa namna hiyo kwa jina la utaratibu wanatetea kutu.

Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya kila utaratibu halihusu uzito wake pekee. Tuulize kama unarudisha nguvu unayochukua, na unairudisha lini. Mtahini wa nje huchukua wiki zetu kadhaa wakati mambo ni shwari, na katika miaka hiyo huonekana mzigo mtupu. Thamani yake huonekana siku mwanafunzi anapoonewa, au mwalimu anaposhinikizwa kubadili alama, na ndani ya idara hakuna mwenye ujasiri wa kusema. Daftari la ushirika, mkutano wa kijiji wa kusomewa mapato na matumizi, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu hufanya kazi ya aina hiyo. Hujaza akiba wakati viongozi wazuri wapo, ili pawe na kitu kinachozunguka wakati hawapo. Msukumo wa kiongozi mwema ni mpigo mmoja. Wananchi wanaishi katika mipigo yote minne.

Nilimjibu fundi kwamba gari linabeba alizeti na linapita Sekenke. Alitikisa kichwa na kuendelea kusafisha boliti. Tukanunua flaiwili ya uzito wa kiwandani pamoja na klachi mpya.

Mpwa wangu hakufurahi, na sikumtaka ajifanye amefurahi. Wiki iliyofuata tulirudi Shelui kuchukua mzigo uliobaki, nikamwachia usukani. Katikati ya mlima lori lililokuwa mbele yetu lilisimama, nasi tukasimama nyuma yake tukiwa na magunia 12. Lilipoondoka, aliachia klachi polepole. Injini iliinama kidogo kisha ikajiinua, na gari likaondoka bila kelele.

"Imeondoka yenyewe," alisema. Baada ya kona mbili akaongeza: "Lakini Mjomba, nikipata gari langu la mashindano nitaweka ile nyepesi."

Nikamwambia atakuwa sahihi, mradi asipakie watu.

Niliporejea chuoni niliandika upya mapendekezo yangu. Saini nne katika fomu ya ruhusa za wafanyakazi nimependekeza zifutwe, na bado nazipigania. Pendekezo la kumwondoa mtahini wa nje nimeliondoa, na nimewaeleza wajumbe sababu. Mmoja aliniuliza kama nimeanza kuwa mhafidhina. Nilimweleza habari za Sekenke, akacheka, kisha akauliza kama kuna njia ya kumfanya mtahini huyo amalize kazi ndani ya wiki mbili. Hilo ndilo tunalolijadili sasa.