Mlango wa Sultani Daudi



Wapendwa wanaparokia, juma hili nina jambo la kuungama mbele yenu, ingawa mahali pake halisi ni kitubio, na huko nimekwisha kulipeleka.

Jumatatu asubuhi alikuja mama mmoja kutoka upande wa mdomo wa mto Ruvuma. Mnaujua mwezi wa Februari ulivyo kwetu: fedha za korosho zimekwisha, na mahindi bado yako shambani. Mama yule alisimama mlangoni pa nyumba ya mapadre, akanisalimu kwa heshima, akaomba nauli ya kumpeleka mjukuu wake hospitali. Akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba Baba Paroko aliyenitangulia alikuwa akimsaidia. Nikamjibu: “Mama, huyo aliyekuwa akisaidia amehamishwa, na sandukuni hakuacha kitu.” Maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Mama akasema, “Haya, Baba, asante,” akaondoka.

Usiku, nikiwa katika sala za kufunga siku, nikakumbuka kwamba jibu langu si geni katika pwani hii. Miaka karibu mia saba iliyopita lilitolewa Kilwa, katika nyumba ya kifalme, na nyumba yenyewe sasa ni magofu.

Baadhi yenu mtakumbuka safari yetu na vijana mwaka juzi, tulipopita Lindi na Nangurukuru hadi Kilwa Masoko, kisha tukavuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Tulipanda hadi Husuni Kubwa, jumba la masultani lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, ua baada ya ua, na birika la kuogea lenye pembe nane. Kijana mmoja aliniuliza: “Baba, watu wenye uwezo kama huu walikwenda wapi?” Siku ile nilimjibu kwa haraka. Leo napenda kumjibu vizuri zaidi.

Waliolijenga walikuwa wa ukoo wa Mahdali, wenye asili ya Yemeni, waliojihesabu kuwa masharifu. Walishika utawala wa Kilwa mwishoni mwa karne ya 13, baada ya ukoo wa Washirazi. Dhahabu kutoka bara, nyuma ya Sofala, ilipita mikononi mwao kuelekea Uarabuni na Bara Hindi. Walipiga sarafu za shaba zenye majina yao, na moja ya sarafu hizo iliokotwa hata Zimbabwe Kuu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Batuta alipofika Kilwa, alimkuta kitini Sultani Al-Hassan bin Suleiman, aliyeitwa Abul Mawahib, yaani Baba wa Vipaji, kwa sababu ya ukarimu wake.

Ibn Batuta anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemeni alimzuia njiani akamwomba mavazi aliyoyavaa. Sultani hakumwambia aje kesho. Aliingia ndani palepale, akabadili nguo, akampa zile alizovua. Mwana wa sultani alizichukua tena mavazi yale na kumpa fakiri watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapa, ndugu zangu, hatuna budi kusimama kidogo. Kanzu ilikuwa ya sultani mwenyewe, na kuitoa kulimgharimu. Lakini wale watu ishirini hawakuwa mali yake mbele ya Mungu. Walikuwa wana na mabinti wa mtu fulani, na hakuna aliyeandika majina yao. Sisi wa kusini, ambao mababu zetu wengi walipitishwa kwenye njia za utumwa kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa, hatuwezi kuisikia habari hiyo ya ukarimu bila kuuliza ni nani aliyeulipia. Kutoa kilicho changu na kutoa jasho la mwingine ni mambo mawili tofauti, hata kama mpokeaji anashukuru sawasawa.

Al-Hassan alipofariki, alirithiwa na ndugu yake Daudi. Ibn Batuta anaandika kwamba maskini alipofika kwake, Daudi alimjibu kuwa mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa miezi mingi wakingoja, wakapata kidogo sana, hata mwishowe watu wakaacha kuja mlangoni pake.

Nisimhukumu Daudi kwa pupa. Masimulizi ya Kilwa yanasema kwamba baba yao alipofariki, Al-Hassan akiwa hayupo kwa sababu ya hija, Daudi alishika utawala kwa niaba yake, na ndugu yake aliporejea akamwachia kiti. Mwenye tamaa asingefanya hivyo. Tena Husuni Kubwa halikukamilika kamwe, na lilikaliwa kwa muda mfupi tu. Huenda Daudi alilikuta sanduku tupu kweli, fedha zote zikiwa zimekwenda kwenye mawe na chokaa. Paroko yeyote aliyepokea parokia yenye jengo lisiloezekwa atamwelewa.

Ukoo haukuanguka siku ile. Uliendelea kwa vizazi kadhaa. Lakini katika karne ya 15 sultani alibaki na jina, huku mamlaka yakizidi kuwa mikononi mwa mawaziri na maemiri. Vasco da Gama alipofika mwaka 1502 kudai kodi ya dhahabu, aliyetawala alikuwa Emiri Ibrahim, ambaye hakuwa sultani. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, na emiri akakimbia. Wafransisko waliokuwa katika msafara huo waliingia na msalaba wakimsifu Mungu, na siku hiyohiyo askari wakapora nyumba za watu. Lazima tuikumbuke siku hiyo sisi Wakatoliki tunaoishi pamoja na Waislamu katika pwani hii. Msalaba wetu ulifika malangoni pa Kilwa ukiwa umeandamana na wanyang’anyi. Wareno walijenga ngome, kisha wakaondoka mwaka 1512.

Basi kijana wangu, watu wale walikwenda wapi? Biashara ilibadilika, fitina ziliingia, mizinga ikaja. Lakini kabla ya hayo yote palikuwa na mlango ambao watu waliacha kuubisha. Ukarimu ulikuwa wa mtu mmoja, haukuwa desturi ya nyumba. Mtoaji alipozikwa, nao ukazikwa.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 3, Petro naye anasimama mlangoni mbele ya mwombaji, na sanduku lake ni tupu kuliko la Daudi. Hana fedha wala dhahabu, na anakiri hivyo. Lakini haishii hapo: anamtazama mtu yule, anamshika mkono, anamwinua. Mimi Jumatatu nilikuwa na ukweli wa Petro, ila mkono nilibaki nao mfukoni. Sikumuuliza hata mtoto anaumwa nini.

Jumanne nilimtafuta kwa msaada wa mwenyekiti wa jumuiya yao. Nauli ilikuwa imekwisha kupatikana. Jirani yake, mama wa Kiislamu, alikuwa ameuza kuku wake wawili, na mtoto alikuwa tayari hospitali. Nilipotaka kumrudishia fedha zake alikataa. Alisema, “Baba, mwekee atakayekuja kesho.”

Nimeziweka. Dominika hii, baada ya Misa ya pili, nitakutana na viongozi wa jumuiya zote ndogo ndogo tuanzishe mfuko wa wahitaji, usiotegemea paroko ni nani. Nami siku moja nitahamishwa. Sipendi atakayenifuata alazimike kumwambia mtu kwamba aliyekuwa akitoa ameondoka.

Mwombeeni mtoto yule, na mniombee mimi. Nawatakia Dominika njema.