Kumtembeza mbwa si uzungu

Leo siasa nimeziweka kando. Wanaokuja hapa kutafuta vituko vya bungeni wanivumilie mpaka wiki ijayo, Mungu akipenda. Leo naongelea mbwa. Ndiyo, mbwa!

Mtaani kwetu Tabata nimepata jina jipya: Mzungu. Sababu ni kwamba kila siku saa 12 asubuhi, kabla sijaanza kugombania daladala ya kunipeleka chumba cha habari, naonekana njiani nimeshika kamba, na mwisho wa kamba yuko Simba. Msidhani ni mbwa wa kuagizwa. Simba ni wa hapa hapa, rangi ya mchanga, mkia umejikunja, wale mnaowaita mbwa koko. Vijana wa kijiweni wananiuliza kama nalipwa kwa dola. Kwa mawazo ya wengi wetu, mbwa wa kutembezwa ni wa Masaki na Oysterbay. Mbwa wa Tabata mchana afungiwe bandani, usiku afunguliwe awabwekee wezi. Basi.

Sasa hebu tufikirie. Mnyama anayekaa bandani kutwa nzima, anasikia pikipiki asizoziona, ananusa mbuzi asiowafikia, siku geti likiachwa wazi atatokaje? Atatoka kama maji ya bomba lililopasuka. Halafu tunasema mbwa wetu wa Kiswahili ni wakali na hawafundishiki. Nani amewahi kuwafundisha?

Mwaka jana mtoto mmoja wa darasa la pili aliumwa na mbwa aliyetoka getini mtaa wa nyuma. Tunashukuru walimuosha jeraha, wakamkimbiza kuchomwa sindano, na leo anacheza mpira kama kawaida. Lakini kikao cha mtaa kiliitishwa, na hoja ya kwanza mezani ilikuwa nyama yenye sumu. Mbwa wote! Kuna watu walipiga makofi, na siwalaumu. Mzazi aliyeona damu kwenye mguu wa mtoto haombwi kuwa na subira.

Aliyenigusa zaidi ni mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alinigeukia kwa upole kabisa. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na mnyama wako. Lakini natoka kwenda msikitini na kanzu safi. Akiniramba, nirudi kuosha mara saba, moja kwa udongo, na jamaa imeshanipita. Sasa njia hii ni yangu au ni yake?"

"Ni yako, mzee wangu," nilimjibu. Sikuwa na jibu lingine.

Kikao kikaamua hivi: sumu isubiri. Mbwa asitoke bila kamba, na wote wapelekwe kwenye chanjo itakayofanyika uwanja wa shule baada ya wiki sita. Atakayeshindwa kumfikisha mbwa wake, asije kulia baadaye. Ndiyo kusema Simba alikuwa na wiki sita za kujifunza kutembea kama raia mwema. Kamba tu haitoshi, kwa sababu mbwa anayemburuta mwenye naye barabara nzima anamfikia huyo mzee vile vile.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwa nini mbwa anavuta. Si ubishi, wala hakusudii kukutawala. Anavuta kwa sababu kuvuta kunalipa! Anataka kufika kwenye ile nguzo, anavuta, wewe unamfuata, anafika. Umemlipa mshahara. Mmarekani Edward Thorndike alilionyesha hili mwaka 1898 kwa paka aliowafungia kwenye visanduku: kitendo kinachomletea mnyama raha hurudiwa, kisichomletea kitu hufifia. Kwa hiyo kazi ni moja tu: kamba ikikaza, safari isimame. Kamba ikilegea, safari iendelee.

Tulianzia uani, maana huko hakuna mbuzi wala bodaboda. Kamba ya kama mita mbili, ukanda mpana shingoni, sio kitanzi cha kumkaba. Mfukoni nilikuwa na maini ya kuku yaliyochemshwa bila chumvi, nimeyakata vipande vidogo kama punje za mahindi. Kila Simba alipokuwa karibu na mguu wangu na kamba imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, nilisema "safi!" na kumpa kipande pale pale, usawa wa goti langu. Sikumpa mbele yangu, kwa sababu mbwa hupenda kukaa pale chakula kinapotokea.

Akikaza kamba, nasimama kama mnazi. Simvuti, simfokei, simwiti. Nasubiri. Mara ya kwanza alihangaika, akazunguka, akabweka, mwishoni akageuza kichwa kuniangalia kama anayeuliza, "vipi kaka, mbona hatuendi?" Alipogeuka kamba ikalegea. "Safi!" Tukaenda. Dakika kumi, tunaacha. Jioni dakika kumi nyingine. Hata mwanafunzi wa chuo akili yake huchoka, sembuse mbwa.

Wiki ya pili tukatoka nje ya geti. Siku ya kwanza, kutoka getini hadi genge la mama muuza nyanya, hatua kama thelathini hivi, tulitumia robo saa! Vijana wa kijiweni walifurahi sana. Mmoja akanikumbusha methali: ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Nikamwambia ndugu yangu, ndicho ninachojaribu kuzuia.

Nyumbani nilitangaza sheria: yeyote atakayeshika kamba asikubali kuvutwa hata mara moja. Mdogo wangu akaona namtesa mnyama. Lakini mnawajua wacheza dubwi? Mashine ile ingekuwa hailipi kabisa, watu wangeondoka mchana huo huo. Kinachowakalisha pale ni kwamba mara moja moja inalipa. Mbwa ni hivyo hivyo. Akivuta mara kumi akafanikiwa mara moja, umemfundisha kuvuta kwa bidii zaidi.

Kuna kitu kingine watu hawakiamini: kumwacha anuse. Nguzo ya umeme kwake ni meza ya magazeti, anasoma nani kapita na lini. Mimi mwandishi nitamnyimaje mwenzangu magazeti? Akitembea vizuri hatua kadhaa, namruhusu akasome. Nayo ni malipo, na haina gharama ya maini.

Kwa bodaboda na mbuzi, siri ni umbali. Ukimpeleka mbwa mwenye hofu au hamu karibu sana na kitu kinachomchanganya, masikio yanaziba, hata maini hayaoni. Tulisimama mbali na kituo cha bodaboda, pale anapoziona bila kupagawa. Pikipiki ikipita, kipande cha ini. Siku nyingine tunasogea hatua mbili. Siku nyingine tunarudi nyuma moja. Haraka haraka haina baraka.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya ng'ambo, mbwa wa Kiafrika anaelewa fimbo tu. Kwao nina jibu moja: Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya, jamani! Wanavalishwa mikanda kifuani, wanatembea kwenye kamba, na wanafundishwa kwa mlio mdogo unaofuatwa na chakula, kama kipande cha ndizi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia na kugundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, na alifariki Januari 2022. Hakuna aliyemchapa fimbo. Kama panya buku wa Morogoro anaweza kufundishika kwa ndizi, Simba wa Tabata ashindwe na maini ya kuku?

Fimbo ina hasara nyingine. Mbwa akichapwa kila anapomwona mtoto, anachojifunza ni kwamba mtoto akitokea, maumivu yanafuata. Siku fimbo haipo, na mtoto yuko karibu, unadhani atafanya nini?

Siku ya chanjo ilifika. Niliona mbwa wamebebwa kwenye matoroli, niliona mbwa wawili wamechomoka na kukimbia na kamba zao, na niliona watu waliofika bila mbwa. "Hashikiki," walisema. Hao ndio walionihuzunisha, kwa sababu mbwa asiyeshikika ndiye hasa tunayemwogopa, na ndiye aliyebaki bila chanjo. Simba alitembea kutoka nyumbani hadi uwanjani. Alivuta mara tatu, tukasimama mara tatu. Akachomwa sindano huku analamba ini, tukapewa kadi.

Msifanye mzaha na hili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mgonjwa karibu hakika hufa, awe mtu au mbwa. Makadirio ni kwamba huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na karibu maambukizi yote kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Dawa inayojulikana si sumu. Ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo na kurudia. Ukiwaua wale wapole wanaokuja kula nyama yako, wengine watahamia nafasi yao, hawajachanjwa. Na mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, si kesho.

Hiyo asilimia 70 inafikiwaje? Kwa kamba. Kwenye chanjo nyingi huku kwetu daktari anakaa sehemu moja na mbwa wanaletwa. Mbwa asiyeweza kutembea kwa utulivu nusu kilomita hahesabiki.

Mzee wa nyumba ya tatu bado hampendi Simba, na halazimiki kumpenda. Tukikutana asubuhi nasogea upande wa pili wa njia, namwambia Simba akae, namwamkia mzee. "Marahaba mwanangu," anaitikia, na anapita na kanzu yake bila kuharakisha. Zamani alikuwa anazunguka njia ya mbali.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na maeneo mengi hufanya chanjo karibu na siku hiyo. Wewe mwenye mbwa bandani, mpigie afisa mifugo wa kata yako umuulize tarehe, halafu hesabu wiki sita kurudi nyuma. Hiyo ndiyo siku ya kununua maini.